Usichague kazi ya urembo kwa kuangalia video zetu

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, inboksi yangu inajaa swali moja. "Nifanye kucha ama mekapu?" "Nisomee nywele ama nifungue kinyozi?" "Mathe amesema ana 60,000 tu, niweke wapi?" Hili swali si la mchezo. Hizo 60,000 ni chama cha mama, ama ni mbuzi wawili watatu wa shosho huko Njoro, ama ni karo ambayo ilikuwa iende kwingine. Ukikosea, hakuna 60,000 nyingine inakuja.

Sasa shida ni hii. Wengi wenu mnachagua kwa kuangalia sisi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza video, na nusu ya hizo video ni za saluni na vinyozi hapa Nakuru, kutoka Milimani hadi Section 58 hadi huko chini Kaptembwa. Ile kucha unaona ikimeremeta kwa sekunde 30 ilichukua masaa mawili na nusu, na mteja alikuwa anaongea na simu wakati wote. Ile rasta unaona ikimwagika mgongoni kama maji, msusi aliamka siku iliyofuata akashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Hiyo hatuweki. Ingeua vaibu.

Kwa hivyo leo hakuna muziki, hakuna kabla na baada. Msimamo wangu ni huu: kama unaingia hii kazi na pesa kidogo, usiulize gani inapendeza. Uliza maswali matatu. Mteja atarudi baada ya siku ngapi? Inanigharimu ngapi kabla ya mteja wa kwanza kuketi? Na mwili wangu utakuwa wapi nikifika miaka 35? Ukijibu hayo kwa ukweli, njia yako itajichora yenyewe.

Tuanze na mteja kurudi.

Kucha ya mkono inakua karibu milimita 3 kwa mwezi. Nywele inakua karibu sentimita moja. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, wasee. Mwili wa mteja ndio unamrudisha kwako, si urafiki wenu. Jeli ikipanda juu, ile nafasi ya chini inaonekana baada ya wiki 3 na lazima arudi. Kichwa cha mwanaume kikishaota, wiki 2 ama 3 anatafuta kinyozi. Rasta zinakaa wiki 6 hadi 8. Dredi zinataka kutachiwa kila mwezi hivi. Na mekapu ya harusi? Tunaomba Mungu huyo dada aolewe mara moja tu.

Hebu tupige hesabu. Hizi bei ni za mfano, weka za mtaa wako. Tuseme kucha za jeli ni 800 na mteja anarudi kila wiki 3. Kwa mwaka anakuja mara 17, hiyo ni 13,600 kutoka kwa mtu mmoja. Tuseme rasta ni 2,000 kila wiki 8. Anakuja mara 6, hiyo ni 12,000. Tuseme kunyoa ni 150 kila wiki 2. Mara 26, hiyo ni 3,900. Bi harusi anakulipa 8,000 mara moja.

Ukisimama hapo utasema kinyozi ni ya watu wamekata tamaa. Usisimame hapo. Gawanya kwa masaa. Rasta masaa 5 mara 6 ni masaa 30, unapata 400 kwa saa. Kucha masaa 2 mara 17 ni masaa 34, hiyo pia ni 400 kwa saa. Kunyoa ni nusu saa mara 26, masaa 13, unapata 300 kwa saa. Sasa toa vifaa. Msusi, kama mteja hajakuja na nywele yake, ananunua nywele. Wa kucha ananunua jeli, ncha, asetoni, pamba, glavu. Kinyozi ananunua spiriti, unga na stima. Ile tofauti ya 100 kwa saa inayeyuka mbele ya macho yako. Ndiyo maana jamaa wa kinyozi pale mtaani, yule unamcheka na bango lake la wasanii wa Marekani wa zamani, amesomesha watoto.

Na mekapu? Kwa saa moja ndiyo inalipa vizuri kuliko zote, sikatai. Siku nzima ya harusi, pamoja na kusafiri na kusubiri, ni kama 1,000 kwa saa. Lakini harusi zinakuja na msimu. Agosti na Desemba utakosa usingizi. Ikifika Njaanuari utakuwa unapaka mekapu dada yako bure ndiyo upate picha ya kuposti. Mekapu ni mchuzi mtamu sana. Bado inataka ugali kando.

Msimu unagusa kila mtu, si mekapu tu. Ukiweka saluni karibu na wanafunzi wa Egerton huko Njoro, hesabu miezi yenye wako likizo. Ukiwa Naivasha, wiki ya Safari Rally, ambayo ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, utasuka hadi saa tisa usiku, halafu Jumatatu mtaa unanyamaza. Kodi ya nyumba hainyamazi.

Swali la pili ni gharama kabla ya mteja wa kwanza.

Kusuka ndiko mlango ulio chini kabisa. Mikono, kitana, kiti, kibandani ama hata sebuleni kwa mteja. Ndiyo maana watu wanakudharau na ndiyo maana ni mwanzo mzuri. Kinyozi anahitaji mashine za kunyolea mbili, si moja, kwa sababu moja itazima mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Pia anahitaji stima, na sisi tunajua stima ya hii nchi. Kucha inataka taa, mashine ya kusugua, rangi nyingi, meza, na chupa ambazo zikifunguliwa zinaanza kuharibika. Mekapu inakuhitaji uwe na fandesheni za kila rangi ya ngozi, kuanzia dada wa Baringo hadi dada wa Kisii hadi Mhindi wa Milimani, na nusu yake itaisha muda kabla hujaimaliza. Masaji na kusafisha uso kunataka chumba chenye mlango, kitanda, maji moto na taulo nyingi. Taulo zinafuliwa, na sabuni ni pesa.

Hapa ndipo watu wanaingia kwa mkopo. Tafadhali angalia muda wa mkopo kabla ya kuangalia kiasi. Hustler Fund, tangu ianzishwe Novemba 30, 2022, mkopo wa kibinafsi unalipwa ndani ya siku 14. Riba ya asilimia 8 kwa mwaka si mbaya hata kidogo. Lakini taa ya kucha na mashine yake hazijilipi kwa siku 14. Huo mkopo unafaa kununua nywele za wateja watatu ambao tayari wamelipa kitu kidogo cha kuhifadhi nafasi. Haufai kufungua duka. Na zile app za mkopo zinazokupigia hadi kwa mwalimu wako wa zamani, hata sitaki kuziongelea.

Kitu kingine hakuna mtu anawaambia: utalipwaje. Ukiajiriwa saluni, mara nyingi ni komisheni. Ukiwa peke yako ndani ya saluni ya mtu, unakodi kiti. Ngoja nikuonyeshe tofauti. Tuseme komisheni yako ni asilimia 40, na vifaa ni vya mwenye duka. Tuseme kiti ni 6,000 kwa mwezi na vifaa vyako ni 4,000. Ukiingiza kazi ya 12,000 kwa mwezi, kwa komisheni unapata 4,800, kwa kiti unabaki na 2,000. Ukiingiza 30,000, kwa komisheni unapata 12,000, kwa kiti unabaki na 20,000. Mahali hizo njia mbili zinakutana ni karibu na 16,700. Chini ya hapo, kaa kwa komisheni na usinung'unike, mwenye duka ndiye anabeba hatari. Juu ya hapo, kila mwezi unaokaa kwa komisheni unamlipia mtu mwingine kodi ya nyumba.

Sasa wengi wanafanya kinyume. Wanakodi kiti wiki ya kwanza kwa sababu wanataka kuitwa mabosi, halafu wanakaa kwa komisheni miaka 5 wakishakuwa wazuri kwa sababu wanaogopa kuondoka. Nimeshoot saluni moja hapa tao, sitaitaja, dada mmoja pale alikuwa analeta zaidi ya nusu ya wateja wa duka zima na hana hata namba zao. Daftari la wateja lilikuwa kwa droo ya bosi. Siku alipotoka, alitoka na kitana. Bana, namba za wateja ni zako. Ziandike mahali pako kuanzia siku ya kwanza, na uombe ruhusa ya kila mteja kumtumia ujumbe.

Swali la tatu ni mwili wako. Hili ndilo linanikera zaidi kwa sababu watu wa miaka 19 hawataki kulisikia.

Kusuka ni kusimama na kuinama masaa 5, vidole vikifanya kitu kimoja mara elfu. Waulize wasusi walio na miaka 40 kuhusu mgongo na vidole vyao. Wengi watacheka kwanza, halafu watakuonyesha. Kinyozi anasimama siku nzima, miguu inavimba. Anashika mashine na wembe karibu na damu ya watu, na kama hasafishi vifaa vizuri, mashilingi yanapita kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kama anatumia wembe uliotumika, hapo tunaongea magonjwa mazito.

Kucha ina sumu zake za polepole. Lile vumbi jeupe unaona likipepea kwa video zetu, tukiliwekea mwangaza mzuri, linaingia mapafuni. Jeli ambayo haijakauka vizuri ikigusa ngozi yako kila siku, mwili unaweza kuikataa kabisa, na mzio wa namna hiyo ukishika, mara nyingi haukuachi. Fikiria umelipia kozi, umenunua taa, umepata wateja, halafu daktari anakuambia usiguse tena hiyo kitu. Si hadithi za kutisha watoto. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali inayoitwa TPO katika rangi za jeli kuanzia Septemba 1, 2025. Ni ile inayosaidia jeli kukauka chini ya taa, na majaribio kwa wanyama yalionyesha inaweza kudhuru uzazi. Kitu kikikatazwa kule, usishangae chupa zake zikauzwa bei rahisi huku. Soma nyuma ya chupa. Kama hakuna maandishi nyuma ya chupa, rudisha chupa.

Pia nywele. Zile dawa za kunyoosha zinazofanya macho yachome na saluni nzima ikohoe, baadhi zinatoa fomalini zikipata joto, kitu kile kile kinachotumiwa mochari. Mteja anaivuta mara moja kwa miezi 3. Wewe unaivuta kila Jumamosi. Fungua dirisha. Saluni isiyo na dirisha, hata ikiwa na viti vya dhahabu na ukuta wa maua feki wa kupigia picha, si mahali pa kazi.

Kuna wale mnafikiria kuingia kwa ngozi, na mnaambiwa pesa iko kwa kung'arisha. Sikizeni. KEBS imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa. Zebaki inaharibu figo. Kama biashara yako inasimama juu ya mkebe ambao huwezi kuuweka mbele ya afisa wa serikali, hiyo haitakusomeshea mtoto. Itakupeleka kortini, ama itampeleka mteja wako dialisisi.

Sawa. Sasa karatasi. Nisome ama nisisome?

Mimi niliacha campo, kwa hivyo watu wanatarajia niseme vyeti ni upuzi. Siwezi kusema hivyo. Mteja wa Rhonda hatakuuliza cheti, ataangalia kichwa cha jirani yake. Lakini hoteli itakuuliza. Spa itakuuliza. Ubalozi utakuuliza. Na siku utataka kufundisha wengine, ambako ndiko mgongo wako utapumzikia ukiwa na miaka 40, cheti ndicho kitakupa hiyo nafasi.

Habari njema ni kwamba cheti si lazima kiwe kozi ya bei kali yenye jina la Kifaransa. NITA inafanya majaribio ya ufundi kwa hatua, kuanzia Gredi ya 3 kupanda hadi ya 1, na yapo ya nywele na ya urembo. Unaweza kujifunza kibandani, ukafanya jaribio, ukapata karatasi. Taasisi za TVET nazo zinakuchukua hata kama gredi yako ya KCSE ilikuwa ile hamkutangaza kanisani. Kuna pia mpango wa serikali wa kutambua ujuzi uliopata nje ya darasa, unaoitwa RPL, kwa wale mmesuka miaka 8 bila hata cheti cha kushiriki. Kabla ya kulipa chuo chochote cha mjini, uliza kitu kimoja: mtihani wa mwisho unatoka wapi? Kama wanajitungia wenyewe na kujipa wenyewe, hiyo ni risiti iliyopambwa. Hakikisha TVETA inawatambua.

Na kama ndoto yako ni saluni za Dubai ama Doha, sawa, wengi wameenda na wamejenga. Ila ajenti lazima awe kwenye orodha ya NEA, mkataba usome kabla ya tiketi, na uangalie kama umeandikwa saluni ama "kazi za nyumbani". Hayo maneno mawili yamebadilisha maisha ya watu wengi.

Kuna mlango mwingine kabisa ambao watu wa rika letu hatuuoni, kwa sababu hauna video. Si lazima ukae kwa kiti. Paul Kinuthia alianza miaka ya 90 kwa kutengeneza shampuu na kuzungusha kwenye saluni za Nairobi, na mtaji mdogo sana. Hakusuka mtu. Mwaka 2013, L'Oréal ya Ufaransa wakanunua bidhaa zake za urembo, zile za Nice & Lovely ambazo ziko kwa kabati la mathe yako sasa hivi. Suzie Wokabi alikuwa msanii wa mekapu, akaona fandesheni za kigeni hazifanani na ngozi zetu, akaanzisha SuzieBeauty, na baadaye Flame Tree wakainunua. Joyce Gikunda wa Lintons ni mfamasia. Huko Marekani, Madam C.J. Walker alizaliwa 1867, akafua nguo za watu, akauza mafuta ya nywele ya Annie Malone kama ajenti, halafu akaanza yake.

Unaona wanafanana wapi? Kila mmoja alianza kwa kitu ambacho saluni ilikosa. Kwa hivyo kama ulipenda kemia shuleni, usikimbilie kope za kubandika. Kuna kutengeneza mafuta na kuyapitisha KEBS. Kama unapenda kufungua vitu, kuna kutengeneza mashine za kunyolea na madraya, na hapa Nakuru mtu mzuri wa hiyo unapangiwa foleni. Kama uko sawa na hesabu, saluni nyingi zinakufa kwa kukosa mtu wa kuandika vitabu tu. Kushona wigi unafanya nyumbani, umeketi, dirisha liko wazi, na mtoto amelala kando.

Na sisi watu wa kontenti? Hapa najua nitakosa marafiki. Kuwa influensa wa urembo si njia ya nne. Ni bango. Bango la mtu asiye na duka ni nini? Ni mbao imesimama kwa barabara. Wengi unaowaona na mafuta mapya kila wiki wamelipwa kwa mafuta. Mwenye nyumba hachukui mafuta. Ujuzi ukiwa nao, simu itakuletea wateja, na hapo sitabishana na mtu, nimeona kinyozi wa Free Area akijaza Jumamosi nzima kwa video tatu. Lakini alikuwa tayari anajua kunyoa. Video ilimletea watu mara ya kwanza. Mkono wake ndio uliwarudisha.

Najua mtaniambia, "Na mapenzi ya kazi je? Mimi napenda mekapu kutoka moyoni." Poa. Sijasema uiache. Nasema uipe mahali inaweza kupumua. Mtu anayesuka Jumatatu hadi Ijumaa na kupaka mekapu Jumamosi anaweza kukataa harusi ya bei mbaya. Mtu mwenye mekapu peke yake hawezi kukataa chochote, na hapo ndipo mapenzi yanakufa.

Mtaniambia pia mtaa wenu hauna pesa, heri Milimani. Wacha nikuambie kuhusu Milimani, mimi ni wa huku. Mteja wa huku analipa vizuri na anataka umfuate nyumbani. Unalipa boda, unasubiri getini askari akipiga simu ndani, unaambiwa madam amelala, rudi saa nane. Saa nane ana mkutano. Siku imeisha. Yule dada anayefanya kazi kwa hiyo hiyo nyumba, Jumapili yake ya kupumzika anashuka Kaptembwa kusukwa, analipa kidogo, na wiki ijayo analeta dada yake na binamu wawili. Kama unaenda Milimani, chukua pesa ya boda na nusu ya bei mapema kwa M-Pesa. Asiyetuma hajaamua. Na usidharau Kaptembwa.

Kwa vijana wa kiume mnaotaka kufanya kucha na mnaogopa kuchekwa, kwa wasichana mnaotaka kunyoa na mmeambiwa ni kazi ya wanaume: kiti hakijui jinsia ya anayekisimamia. Na kwa wazazi, kama kuna mmoja amepotea akafika hapa: hii kazi si ya walioanguka mtihani. Mwaka 2023 Muswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa wigi, nywele za watu, kope na kucha bandia. Serikali haipeani ushuru mahali hakuna pesa. Kelele zikapigwa hadi kamati ya fedha ya bunge, iliyoongozwa na mbunge wetu wa Molo hapa Nakuru, Kuria Kimani, ikaondoa hiyo sehemu. Wakati ule tuliponea. Kesho tukirudi kuwa watu wasio na chama wala rekodi, hakuna atakayetupigia kelele.

Kwa hivyo hii ndiyo ningefanya na hizo 60,000 za mathe. Nisingefungua duka. Ningejifunza kitu kimoja kinachorudisha mteja ndani ya miezi miwili, rasta ama kunyoa, kwa mtu anayefanya kazi kweli, kwa miezi 6. Ningekaa kwa komisheni nikikusanya namba za wateja, hadi kazi yangu ivuke ile hesabu ya kiti. Ningefanya jaribio la NITA. Halafu ningeongeza kitu cha pili, kucha ama mekapu, kwa pesa ambayo ya kwanza imeleta. Duka lingekuja mwisho, nikiwa na wateja 40 ambao najua watanifuata hata nikihamia ghorofa ya tatu bila lifti.

Kama bado huamini, fanya hivi kabla ya kulipa mtu yeyote. Jumamosi hii, tafuta saluni ama kinyozi cha kawaida, omba kufagia kutoka asubuhi hadi wafunge, bure. Hesabu walioingia, waliorudi, na waliosema "nitakuja kesho". Angalia nani anakohoa. Jioni muulize aliye mzee kuliko wote pale mgongo wake unasemaje. Ukitoka hapo na bado unataka, basi unaitaka kweli, na hizo 60,000 zimepata mtu.